Maji Yaliyorudi Baridi

Bomba la kuingia lilikuwa na joto. Bomba la kutoka lilikuwa baridi kama chuma kilicholala uani.

Solvej Ravnkilde, mpelelezi wa polisi wa wilaya, alivua glavu akayashika mabomba yote mawili, moja baada ya jingine. Kisha akayashika tena, maana alikuja kuthibitisha jambo moja na mabomba yalikuwa yanasema jingine. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kabati dogo karibu na mlango wa nyuma, katika nyumba ya marehemu Ejvind Toftegård, mjini Havrelund. Jana walimtoa mzee huyo kwenye kiti cha jikoni. Alikuwa na koti, kofia ya sufu na mablanketi magotini. Daktari alisema moyo ulikuwa dhaifu na baridi ikaumalizia. Alisema pia kwamba marehemu alikuwa amekaa pale majuma kadhaa.

Majuma kadhaa, katika mtaa wenye nyumba pande zote mbili.

"Umeona mwenyewe?" sauti ilisema nyuma yake. "Hata kaburini kuna nafuu."

Asger Bruun alikuwa amesimama kizingitini, koti lake la ngozi ya kondoo limefungwa vifungo hadi kidevuni. Alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa joto wa mji, na ndiye aliyeleta shitaka kituoni kwa miguu yake mwenyewe.

"Hili linaloingia lina joto, Asger."

"Hilo ndilo joto? Hayo ni maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Enzi zetu ukishika bomba hilo unaacha ngozi."

"Enzi zenu mlikuwa mkichoma nini?"

"Mafuta. Na nyumba zilikuwa zinawaka, mpelelezi. Sasa tuna jua." Alilitaja jua kama mtu anayemtaja shemeji mvivu. "Herluf ameshusha joto la maji ya mji mzima ili paneli zake zipate alama nzuri. Bodi ilimwambia aende polepole. Hakusikia. Matokeo ndiyo hayo."

Kisa kizima kilikuwa hapo. Havrelund yote ilipashwa joto na mtambo mmoja. Maji ya moto yalitoka mtamboni, yakapita chini ya ardhi, yakaingia kila nyumba, yakarudi yamepoa. Nje ya mji kulikuwa na shamba la paneli za jua, na kando yake bwawa kubwa lililofunikwa, lililohifadhi joto la kiangazi kwa ajili ya baridi. Mtambo ulikuwa mali ya wenyeji wenyewe, kila nyumba mwanachama. Na Herluf Krogh, meneja wao, kama kweli maji yake yalimgandisha mzee Ejvind, angeshtakiwa kwa kuua kwa uzembe. Mwendesha mashtaka alitaka jibu kabla ya ofisi kufungwa Ijumaa. Ijumaa ilikuwa leo.

Solvej alipita chumba hadi chumba. Sebuleni, kipasha joto cha ukutani kilikuwa kimefungwa. Chumba cha kulala, kimefungwa. Ghorofani, vyote vimefungwa. Cha jikoni kiliachwa kwenye alama ya nyota, ile inayopitisha maji kidogo tu ili mabomba yasigande.

"Nani alivifunga?"

"Mimi nitajuaje?" Asger alijibu upesi, akageukia theluji ya nje. "Labda mafundi wa Herluf. Kamuulize yeye."

"Nitamuuliza. Wewe utakuwa nyumbani alasiri?"

"Tukutane kwenye mgahawa wa duka. Kahawa yao nzuri."

*

Nyumba ya Gudrun Østerby ilifuata baada ya ile ya Ejvind, nayo ndiyo ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye bomba la mtaa. Baada yake kulikuwa na shamba la viazi na upepo. Solvej aliichagua kwa sababu hiyo. Kama maji yalifika kwa Ejvind yamechoka, kwa Gudrun yangefika yamekufa.

Mama huyo alifungua mlango akiwa na blauzi ya mikono mifupi.

"Ingia, ingia, unaniachia baridi. Vua viatu. Ah, soksi yako imetoboka, mwanangu."

"Naijua, Gudrun. Haina wa kuiona."

Jiko lilikuwa na joto hata miwani ya Solvej ikaingia ukungu. Alikaa, akapewa kahawa na kipande cha mkate mweusi chenye ini la kusaga na figili juu yake. Hakuwa amekula tangu asubuhi, na asubuhi alikula kwenye gari.

"Nyumba yako haijapoa msimu huu?"

"Kupoa? Mimi nalala dirisha wazi."

"Asger anasema maji ni ya kumwogeshea mtoto."

"Asger anasema mengi tangu mkewe apelekwe nyumba ya wazee. Hana wa kumkatiza."

"Ejvind ulimwona mara ya mwisho lini?"

Gudrun alizungusha kikombe mezani. "Karibu na Krismasi. Alikuwa anatoa takataka. Alinipungia mkono, nami nikampungia."

"Baada ya hapo?"

"Mapazia yalikuwa yamefungwa. Nikasema kimoyomoyo, amekwenda kwa dada yake, kisiwani kule Bornholm."

"Hukugonga mlango?"

Mama alimtazama kama ameulizwa kwa nini hakuingilia dirishani. "Mtu hagongi tu mlango wa mwenzake. Unapiga simu kwanza."

"Ulipiga?"

"Sina namba yake."

"Mmekuwa majirani muda gani?"

Gudrun alitazama nje, upande wa nyumba ile. "Wanangu walijifunzia baiskeli uani kwake," alisema hatimaye. Akainuka akamwongezea kahawa kwenye kikombe ambacho kilikuwa bado kimejaa.

Solvej alitoa daftari na kalamu. "Kuna mtu yeyote uliyemwona akiingia pale?"

"Gari la mtambo. Herluf mwenyewe, kesho yake baada ya mkutano mkuu wa ushirika. Alizunguka mlango wa nyuma, ana kitu amekificha chini ya koti. Akatoka mbio na kuondoka."

Kalamu ya Solvej ilisimama. Mlango wa nyuma ndio uliokuwa na kabati la mabomba.

"Kitu gani? Zana?"

"Zana? La." Gudrun alinyoosha mkono dirishani, kwenye chungu chenye ua la haisinti, la buluu, lililojaza jiko harufu. "Hilo hapo. Alilining'iniza mlangoni kwa mfuko. Nilipoona linakaa tu na theluji inaanguka, nikaenda kulichukua lisife."

Alisikia alichokisema. Akaketi.

"Ulikwenda hadi mlangoni," Solvej alisema taratibu.

"Nilikwenda hadi mlangoni."

"Na lilikuwa la nini, ua hilo?"

"La ushindi. Kila mwaka mkutanoni wanapewa walioboresha maji yao. Maji yakirudi mtamboni yamepoa, ndiyo vizuri. Kila nyumba inaletewa alama yake, kajisura kadogo kwenye karatasi: ka kijani kanacheka, ka manjano kamenuna, kekundu kanalia. Ejvind msimu wa vuli alipata kekundu. Asger akamkamata dukani, mbele ya jokofu la maziwa, akamwambia, 'Ejvind, maji yako yanarudi moto hata yai linaiva! Jua linahangaika huko juu, wewe unalirudishia kazi!' Watu wakacheka." Akakwaruza nailoni ya meza kwa ukucha. "Hata mimi nilicheka. Alikuwa anachekesha."

"Na Ejvind?"

"Alilipa maziwa yake akaenda. Lakini mwezi wa Januari ndiye akawa wa kwanza mji mzima. Tulisimama wote, tukampigia kelele za hongera mara tisa, kama ilivyo desturi. Yeye hakuwepo, lakini haji mikutanoni tangu mkewe Tove afariki. Hakuna aliyeshangaa."

*

Mtambo ulikuwa kimya. Hilo ndilo lilimshangaza Solvej: mahali panapopasha mji mzima pasikike saa ya ukutani. Bomba refu la moshi lilisimama bila moshi, na nje ya dirisha paneli zilijipanga safu kwa safu, zimeinamia jua la Februari lililokuwa limelala juu ya uzio.

Herluf Krogh alikuwa mtu mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi. Hakukana kitu.

"Nilikwenda, ndiyo. Niligonga. Hakuitika, nikaliacha."

"Ukatoka mbio."

"Nililiacha gari likinguruma. Mimi ndiye ninayewakaripia watu wote mjini wasiache injini zikinguruma bure." Alijaribu kutabasamu. "Ningeonekana na mtu, ningekoma."

"Kwa nini ulishusha joto la maji?"

"Kwa sababu lilikuwa likipotelea njiani. Bomba la moto sana linapasha minyoo, Solvej. Nilishusha kidogo kidogo, nikipima nyumba ya mwisho kila mara."

"Ya Gudrun."

"Ya Gudrun. Haikushuka hata digrii moja."

"Nimeketi jikoni mwake. Nakuamini." Solvej alivuta kiti. "Sasa nieleze kuhusu maji ya kurudi, kama unayemweleza mtu asiyejua."

Hapo meneja alichangamka, kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe. "Jua la msimu huu ni dhaifu. Lipe mzigo mwepesi, litabeba. Maji yakirudi baridi, paneli zinayapasha hata siku kama ya leo. Yakirudi moto, hazina la kuongeza, nalazimika kuwasha tanuri la vibanzi vya mbao, na lile bomba la moshi linaanza kazi. Msimu huu tumechoma nusu ya miti ya mwaka jana. Nusu! Si mimi niliyefanya hivyo. Ni watu, majumbani mwao."

"Na nyumba inayofanya vizuri, maji yake yanarudi na digrii ngapi?"

"Thelathini ni nzuri. Ishirini na tano, nakupigia saluti."

"Ejvind?"

"Kumi na mbili," Herluf alisema, na fahari ikamtoka kabla hajaizuia. "Hakuna aliyewahi kufika hapo."

Solvej hakuandika. "Maji yanaingia kwenye kipasha joto yakiwa moto. Yanatoka yamepoa. Ni nini kinachoyapoza?"

"Chumba. Hewa ya chumba."

"Yanaweza kutoka yakiwa baridi kuliko chumba?"

"Haiwezekani. Yatakaribia joto la chumba, basi. Chumba hakiwezi ku…"



Saa ya ukutani iligonga gonga. Nje, kunguru alitua juu ya paneli, akateleza, akaruka.

"Basi chumba cha Ejvind," Solvej alisema, "kilikuwa na digrii ngapi?"

Herluf aliweka viganja vyote viwili mezani, kama anayeizuia meza isiondoke. "Chini ya kumi na mbili."

"Daktari anasema alifariki kabla ya mkutano wenu. Mlipompigia kelele za hongera, alikuwa amekaa jikoni."

"Niliiona kila asubuhi," Herluf alisema kwa sauti ndogo. "Nikifika, kabla ya kuvua koti, naangalia namba ya Ejvind. Ishirini na mbili. Kumi na nane. Kumi na tano. Ilikuwa inanifurahisha. Nilikuwa nafikiri, hebu mwangalie mzee wetu anavyojitahidi." Alifuta uso kwa mkono. "Mtu aliye hai hakai kwenye digrii kumi na mbili. Mtoto wa shule angejua. Mimi nimesomea jambo hili."

"Ulikuwa unaangalia maji."

"Nilikuwa naangalia maji."

Solvej alisimama, akaenda dirishani. Hakuwa na shitaka. Maji yalifika, koki ya nje ilikuwa wazi, hakuna fundi aliyeingia. Ejvind alivifunga vipasha joto kwa mkono wake, kimoja baada ya kimoja, ili asichekwe dukani. Angeweza kumpigia mwendesha mashtaka sasa hivi na kurudi mjini kwake kabla ya giza, kwenye nyumba yake ambayo nayo ingekuwa na taa zilizozimwa. Lakini swali moja lilibaki, na halikuwa la mahakamani.

"Herluf. Mashindano hayakuisha na Ejvind. Leo nani anaongoza?"

Meneja aligeukia kioo cha tarakilishi. Vidole vyake vilikosea mara mbili. Nyumba za mji zikajipanga, ya baridi kuliko zote juu kabisa. Aliisoma, akasogea karibu, akaisoma tena.

"Kumi na tatu," alisema. "Mungu wangu. Ni kwa Asger."

*

Walikwenda kwa miguu, kwa kuwa Herluf alikataa kungoja gari liondolewe barafu. Nyumba ya mwenyekiti ilikuwa kubwa, ya matofali mekundu, iliyojengwa kwa ajili ya watoto wengi. Solvej aligonga. Hakupiga simu kwanza.

Asger alifungua kidogo, upana wa bega. Alikuwa na lile koti lake.

"Nilisema mgahawani."

"Tumekuja hapa."

"Nyumba imevurugika."

"Yangu pia. Tufungulie, Asger."

"Na huyo mwuaji umemleta wa nini?"

"Nimekuja kukagua vipasha joto vyako, mwenyekiti," Herluf alisema.

"Vyangu viko sawa! Nina uso wa kijani!"

"Ndiyo maana nimekuja."

Pengine ni kwa sababu Herluf alisema bila hasira. Asger aliwatazama kwa zamu, kisha akasogea pembeni.

Ndani, pumzi zao ziligeuka mvuke. Jikoni kulikuwa na kiti kimoja kilichosogezwa kwenye taa ya meza, na juu yake blanketi lililokunjwa vizuri. Milango ya vyumba vingine ilikuwa imefungwa, na chini ya kila mlango taulo lililoviringishwa ili kuzuia upepo. Solvej aligusa kipasha joto. Kilikuwa kwenye alama ya nyota.

"Nani alimfundisha Ejvind kuvifunga?" aliuliza.

Asger aliketi kwenye kiti chake, akakumbuka kwamba hakuna kingine, akasimama tena. "Alinijia siku ile ya dukani, jioni. Alisimama hapo hapo uliposimama. Akasema, 'Asger, nifanyeje?' Nikaenda naye nikamwonyesha. Nilimwambia afanye kama mimi. Funga kile, funga kile, kaa jikoni. Tulikunywa bia. Ilikuwa…" Alikohoa. "Ilikuwa jioni nzuri."

"Hukurudi kumwona?"

"Hakunialika."

"Na wewe?"

"Mimi ni mwenyekiti! Nitawaambia watu wapoze maji na yangu yarudi moto?" Sauti ilipanda, ikavunjika. "Sikiliza, mpelelezi. Alifanya kama mimi, sawasawa. Na mimi niko hai. Basi haiwezi kuwa vyumba. Unaelewa? Lazima iwe maji ya Herluf. Lazima iwe kitu kingine, kwa sababu mimi niko hai."

Herluf aliondoa taulo la kwanza kwa mguu, akafungua mlango, akaingia gizani. Wakasikia koki ya kipasha joto ikizungushwa, ngumu, kisha maji yakianza kukimbia ukutani.

"Hukunisoma vizuri, mwenyekiti," alisema kutoka huko. "Na mimi sikueleza vizuri. Si kufunga. Unavifungua vyote, vyote kabisa, kila kimoja kidogo. Maji yanatambaa nyumba nzima, yanakuachia joto lake lote, yananirudia yamepoa. Unakuwa na joto na mimi napata maji yangu. Sikuwahi kuingia nyumba ya mtu nikamwonyesha. Nilituma visura tu."

"Kwanza yatarudi moto," Asger alisema. "Nyumba imeganda. Siku kadhaa yatakuvuruga. Na leo jua limekwisha."

"Nitawasha tanuri."

"Wewe? Kwa ajili yangu?"

"Acha moshi utoke. Mji mzima utazame."

Asger alifungua kinywa kutania, utani ukakosekana. Alimgeukia Solvej. "Utanishtaki?"

"Hakuna kifungu cha sheria kinachokufaa."

"Ingekuwa afadhali kingekuwepo."

"Najua."

Alikuwa na simu mkononi tayari, namba ya mwendesha mashtaka imekwisha kuandikwa. Alimwambia kwa maneno machache: hakuna aliyekatiwa joto, hakuna wa kushtakiwa, taarifa itakuja Jumatatu. Mwendesha mashtaka aliuliza kama yuko njiani kurudi. Solvej alitazama kile kiti kimoja.

"Bado," alisema. "Bado nina kazi hapa kidogo."

Akavuta ngazi fupi ya kabati, akaikalia. Ghorofani Herluf alikuwa akifungua mlango baada ya mlango, na mabomba ya nyumba yakaanza kugongagonga, sauti ya chuma kinachotanuka. Asger alisimama katikati ya jiko lake akiinua kichwa, akifuatilia nyayo za mtu mwingine juu ya dari yake.

"Kahawa," alisema ghafla, kama aliyeshutumiwa. "Sijawapa hata kahawa."

Alifungua kabati la juu, akatoa vikombe vitatu. Kimoja kilikuwa safi. Viwili ilibidi avioshe vumbi kwanza.